Bismillahi Kwenye Kisanduku cha Juu

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Hema langu la kwanza nililishona kwa mkono, kwa turubai la lori. Leo hapa Muyeye harusi haisimami bila vyombo vyangu vya kukodisha, na anayebisha akapike pilau kwenye birika.

Binti yangu mkubwa, afanyaye kazi Kilifi, ndiye aliyeniwekea kompyuta dukani. Kila kitu akakipa jedwali lake: Mahema, Viti, Vyombo, Harusi, Matanga. Nikibonyeza Harusi, naona nani amechukua nini na lini. Niliipenda mashine ile hata madaftari ya zamani nikampa muuza bajia afungie.

Asubuhi moja akaja mama wa Ngomeni, anamwoza bintiye Jumamosi. Alitaka kuhakikisha hema lake kubwa lipo. Nikafungua mashine mbele yake, kwa madaha. Juu ya yale majedwali pana kisanduku cheupe, kitupu, sijawahi kukigusa. Siku ile, kwa vile nina mgeni, nikaona nifanye kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, kwamba maandishi hayaanzi hivi hivi. Nikaandika: Bismillahi.

Majedwali yote yakatoweka. Peupe.

"Hema langu liko wapi, mzee?"

"Subiri."

"Nasubiri nini? Umempa mwengine? Wageni wangu nikawafunike kwa leso?"

Nilijua Jumamosi ile nina harusi zaidi ya moja, lakini nani ana hema lipi, sikumbuki. Jina hujengwa kwa miaka, na bibi harusi mmoja aliyepigwa na jua hulivunja kwa mchana mmoja. Nikampigia binti yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mashine yako imekula kila kitu."

"Umeandika kitu pale juu?"

"Bismillahi. Kwani wewe waanza na nini?"

Alicheka mpaka nikataka kumkatia simu. "Baba, pale ni kama kifumbu cha kuchujia tui. Ukiandika jina, linapita jedwali lenye jina hilo tu, mengine yanafichwa. Hayajapotea. Sasa jedwali gani linaitwa Bismillahi? Futa."

Kulifuta jina la Mungu kwa kidole, mkono ulisita. Nikalitamka kwanza kwa sauti, ndipo nikafuta herufi moja moja kutoka mwisho. Ilipobaki B peke yake, Vyombo likachomoza, maana lina b ndani yake. Nikaifuta na hiyo, yote yakarudi, Harusi likiwa mahali pake kama halikuondoka.

"Hema lako lipo, mama. Lile lenye pindo jeupe."

"Na presha uliyonipandisha?"

"Hiyo sikutozi."

Akacheka, nami nikapumua. Nikaagiza chai na mahamri ya watu wawili, nikala kama mtu aliyetoka kufunga.

Jumamosi nilikwenda Ngomeni kulisimamisha hema mwenyewe, na kila kamba niliyoivuta nikaisemea Bismillahi, kwa mdomo.