Pindo la Mfalme Kutu

Tiki. Tiki-tiki. Tiki.

Hakujapambazuka bado. Nikadhani panya ameingia kabatini. Nyumba hii nimeishi miaka thelathini na sauti zake zote nazijua, lakini hiyo sikuijua.

Nikajitanda shuka, nikanyata hadi sebuleni.

Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na miwili tunayemwita Nukta kwa udogo wake, alikuwa mbele ya televisheni. Hedifoni kichwani, rimoti ya gemu mikononi, ananong'ona:

"Nikinge, bibi! Hapo hapo! Asante, bibi yangu kipenzi."

Jamani. Bibi yake si mimi? Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nukta ana bibi wawili. Mimi niliyemzaa mama yake, fundi cherehani mstaafu. Na yule aliyemzaa baba yake, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisini. Huyo tunamwita Bibi wa Ghorofani, maana anakaa ghorofa ya nne na siku hizi hashuki.

Likizo ile mtoto alikuja kwangu. Kumbe mwili ndio ulikuja, moyo umebaki ghorofani! Kila alfajiri wanacheza gemu pamoja kwa intaneti, kila mmoja kwake.

Sitawaficha, wivu ulinikaba. Asubuhi ile nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na nikainywa yote.

"Kwa nini alfajiri?" nikamuuliza.

"Ndiyo saa yake, bibi."

"Na mimi saa yangu ni ipi?"

Akacheka. Alidhani natania.

"Basi nifundishe na mimi."

"Wewe, bibi? Utaweza?"

"Nimetunga uzi kwenye sindano miaka arobaini. Nitashindwa na vitufe vinne vya rangi?"

Akanifundisha, kwa upole kweli. Nilipobonyeza kitufe kisicho chenyewe, alisema tu, "Hapana neno, bibi, hata mimi nilianza hivyo."

Adui wao mkuu, bosi kama wanavyomwita kwenye gemu, alikuwa Mfalme Kutu, pandikizi la mtu mwenye joho refu. Wiki tatu alikuwa anawapiga.

Nilipomwona mara ya kwanza, walimtwanga mpaka mstari wake wa uhai ukaisha. Akaanguka. Muziki ukanyamaza. Nikapiga makofi.

Mara akainuka! Mrefu kuliko mwanzo, na uhai umejaa tele.

"Dhuluma!" nikaruka. "Si ameshakufa huyo?"

"Hiyo ni awamu ya pili, bibi."

"Ni wizi! Mteja akishachukua gauni lake, kazi imeisha. Harudi kuniambia sasa nilishone upya, liwe kubwa!"

Nukta akavua hedifoni ili nami nisikie, na sauti ya mwenzangu ikatoka kwenye televisheni.

"Karibu vitani, bibi mwenzangu! Bosi kukushtukiza si dhuluma, mradi alikupa dalili kabla. Dhuluma ni kukosa dalili."

"Dalili iko wapi?"

"Hatujaiona," akasema Nukta. "Tunaitafuta."

Nikaapa kimoyomoyo. Hiyo dalili nitaiona mimi kwanza, si yule.

Nikawa nakaa nao kila alfajiri, nikimchunguza mpinzani wangu. Mtu wake kwenye gemu hapigani, anasimama na ngao mbele ya Nukta basi. Tena mwoga. Mfalme akianguka tu, mwenzangu anapiga yowe, "Mamaa!", hata kabla hajainuka. Nikamcheka kimoyomoyo.

Siku moja hakutokea. Nukta akangoja, akangoja.

"Leo tumwache Mfalme, bibi."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa makusudi.

"Hebu nipe mimi ngao," nikasema. "Tukimshinda, mwenzako si atafurahi?"

Uongo mtupu. Nilitaka tushinde bila yeye, nione bibi kipenzi atakuwa nani.

Tukaanza. Mfalme alipogeuka, nikaona kitu.

"Simamisha, Nukta! Simamisha!"

Nikavaa miwani, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Pindo la joho lake lilikuwa nene, limekunjwa mara mbili kuzunguka chini.

"Pindo hili nimelishona mara elfu," nikamwambia. "Ni la sare ya shule. Mzazi anasema, fundi, acha kitambaa, mtoto atakua. Aliyemshonea huyu alijua atarefuka. Mara mbili!"

Nukta akanitumbulia macho. "Kwa hiyo kuna awamu ya tatu?"

Huko walikuwa hawajawahi kufika.

"Tusimalize dawa za kuongeza uhai, bibi. Tuziweke."

Mfalme akafa, akainuka. Kunjo moja limeshuka, moja limebaki. "Bado yumo!" nikapiga kelele. Akafa, akainuka tena, mrefu kama nguzo ya umeme. Pindo limekwisha, nyuzi zinaning'inia.

"Sasa hana pa kukulia! Mmalize!"

Nukta akanywa dawa zote tulizoweka, akammaliza.

Alinikumbatia mpaka miwani ikadondoka. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi wa Ghorofani hakuwepo."



Mchana tukaenda kumwona. Ngazi za ghorofa nne nilizipanda nikipumzika kila kona, na sikujua nitasema nini.

"Ingieni, mlango uko wazi!"

Alikuwa kitini, mikono mapajani. Mikono ile inatetemeka kama nguo kwenye kamba yenye upepo. Alfajiri, akimeza dawa, hutulia kwa saa moja hivi. Siku hiyo haikutulia.

Mezani nikaiona rimoti yake. Vitufe vyote vimefunikwa kwa plasta, kimeachwa kimoja tu. Cha ngao.

Nikatamani sakafu inimeze.

"Bibi mwenzangu," nikasema, "tumemmaliza bila wewe. Mtoto alikataa, mimi ndiye niliyemshawishi. Nilikuonea wivu."

Akamtuma Nukta maji jikoni, kisha akaninong'oneza.

"Mimi nilimmaliza mwaka jana, mikono ikiwa mizima. Awamu zote tatu."

"Weee! Na kila alfajiri unakufa naye?"

"Mtu hushangaa mara moja tu. Ningemwambia, ningekuwa nimemnyang'anya."

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unapiga yowe mapema!"

"Kuigiza siwezi, shoga yangu."

Tukacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Lakini dalili mliionaje? Mimi sikuiona kamwe, niliamini tu kwamba ipo."

"Pindo."

"Pindo! Mwaka mzima naitafuta, kumbe Mfalme kaivaa mwilini!"

Nawaandikia haya wenye wivu wenzangu. Niliona makunjo ya joho la zimwi, lakini mtu aliyesimama na ngao mbele ya mjukuu wetu wiki tatu sikumwona. Kabla hujasema fulani amekuibia mtu wako, mtazame vizuri anamfanyia nini huyo mtu.

Tulipoaga, alinishika mkono kwa ile mikono yake, nami sikuutoa.

"Kuna bosi mwingine," akasema. "Huyo kweli simjui. Njoo tena kesho kutwa, bibi mwenzangu. Na usisahau miwani."