Biskuti Amekataa Kutembea Bila Nekesa

Leo saa nne asubuhi, binti yangu Nekesa amepoteza nafasi ya kuonyesha mtamba wake, Biskuti, kwenye mashindano ya watoto hapa Nakuru.

Ana miaka kumi na miwili. Biskuti ana miezi kumi na minne, na yote hiyo ni Nekesa amemlisha, kila asubuhi kabla ya shule.

Karani wa mashindano akaangalia karatasi.

"Mathe, sheria inasema ng'ombe asajiliwe kwa jina la mtoto. Hii ni jina lako."

Ni kweli. Fomu ya usajili ilitaka namba ya kitambulisho. Mtoto wa gredi ya sita angeitoa wapi? Nikaandika yangu.

"Basi muonyeshe wewe, kwenye kundi la watu wazima."

Nikashika kamba. Biskuti akakita miguu. Nikavuta. Wapi!

Jamaa mmoja kwenye fensi akaita, "Mathe, huyo ng'ombe hakujui!"

Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Nekesa alikuwa kwenye fensi, machozi yamemjaa. "Mama, usimvute. Mkune shingo kwanza."

Nikamkuna. Biskuti akatembea, moja kwa moja hadi kwa Nekesa, akamwekea kichwa kifuani.

Karani aliona. Akainama kwenye karatasi zake.

Wazazi wenzangu, nyinyi mliandika jina la nani?

Na wasimamizi, watoto wanaingia tena kesho saa tatu. Hatujarudi nyumbani Bahati. Nijibuni kabla ya saa mbili: Nekesa atashika kamba, ndiyo au hapana?