Pombe Iliyokosa Mnywaji

Mjomba wangu alikuwa analima maharagwe na mihogo mlimani karibu na Burungu, na alikuwa anaishi na mwanaume mwenzake kama mtu na mchumba wake. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu hata sisi tulijua waziwazi. Mwenzake huyo alitoka Walikale, upande wa msituni, mwanzoni mwa miaka ya sitini akiuza mawese, mvua ikamzuia, akalala kwa Mjomba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, akabaki.

Mimi nilikuwa nimeolewa kwenye mlima huohuo, na nikitoka shambani nilipitia kwao. Maharagwe yao yenye mawese yalikuwa yananukia tangu njiani. Mjomba hakuchoka kumtania mwenzake, mtu wa msituni aliyeogopa ng'ombe.

"Kaka, ng'ombe haikule muntu."

"Ile yenye pembe, umeiambia?"

Mama yangu, dada yake Mjomba, alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi. Siku zile nazitamani sana.

Kisha jirani mmoja, Mkristo wa nguvu, akawashtaki kwenye baraza. Alitaka wote wawili wafungwe kasho, halafu yule wa Walikale afukuzwe arudi kwao. Mjomba alikonda. Hakuogopa kasho, aliogopa kutoka humo na kukuta nyumba haina mtu.

Kwetu mshtaki alikuwa anakuja barazani na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aliyekosewa ndiye aliyekunywa wa kwanza, kisha akaeleza alichotendewa. Bila yeye kesi haikufunguliwa. Jirani aliweka mtungi chini, akajishikia mrija wa kunywea mwenyewe. Mzee wa baraza akamzuia.

"Wewe walikukosea nini?"

"Mimi, hapana, Papa. Lakini iko zambi."

"Zambi, Mungu atauliza. Mimi nauliza muntu mwenye walimukosea. Iko wapi?"

Hapo mama yangu akasimama, kitenge kikiwa kimemlegea, hata hakukifunga.

"Papa, mimi njo dada yake. Kama kuna muntu wa kukosewa mu ile nyumba, ni mimi. Hawakuniibia, hawakunipiga, hawakuninyima chakula. Munataka kuwafunga juu ya nini?"

Jirani aliubeba mtungi wake akarudi nao kwake, pombe ikiwa imejaa vilevile, na watoto wakimfuata nyuma.

Leo nikisikia watu wanataka sheria ya kuwafunga watu kama wale, eti kulinda mila za mababu, hasira inanipanda. Mababu gani? Wa kwetu walitaka kwanza kumwona aliyeumizwa. Mtu kuishi kwa amani na anayempenda ni haki yake, na sheria inayomnyang'anya haki hiyo ndiyo yenye kosa.

Mjomba alifariki kabla miaka ya sitini haijaisha, kwa homa, kitandani kwake. Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mjane. Yule wa Walikale alikuwa amejificha nyuma kabisa, akijua si nafasi yake. Mama akaenda akamshika mkono, akampitisha katikati yetu sote mpaka ukingoni mwa kaburi. Jirani yule naye alikuwepo. Akasogea, akampisha.