Papa Juu ya Mpira

Yaya wangu aliileta ile mashine nyumbani Jumamosi moja mchana, imefungwa ndani ya gunia la mchele, akaniomba nimwangalizie kama bado inawaka. Yaya ni kaka yangu mkubwa. Anauza vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika, vinavyomfikia kwa lori kutoka Butembo, na nyumbani kwake hakuna televisheni ya kufanyia majaribio kwa sababu kila anayoipata anaiuza.

"Vijana hawaitaki," alisema. "Wanasema iko ya zamani. Ukiona inatembea, nitatafuta mutu wa Banalia ainunue."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kazi yangu ni ukatibu katika ofisi ya serikali, kuandika barua za wakubwa na kupanga mafaili, na katika maisha yangu yote sikuwahi kucheza mchezo wa video. Tulipokuwa wadogo, michezo hiyo ilikuwa ya wavulana ambao baba zao walikuwa na televisheni. Mimi na wenzangu tuliruka kamba. Basi niliunganisha nyaya nikiwa na haraka, nikitaka kumaliza niende kutwanga ndizi za lituma ya jioni.

Ndani ya mashine mlikuwa na diski moja. Ilipoanza, nikaona kibwana kifupi kimesimama juu ya dunia ndogo, ya mviringo kama chungwa. Nikakikimbiza mbele. Kilifika ukingoni, na mimi nikafumba jicho moja nikingoja kianguke. Hakikuanguka. Kilizunguka mpaka upande wa chini, kichwa chini, miguu juu, kikaendelea kukimbia. Kisha kikaruka kutoka dunia ile mpaka nyingine iliyoelea mbali gizani. Nilicheka peke yangu sebuleni. Jumatatu yaya alipopita kuchukua mzigo wake nilimwambia inatembea, lakini asimtafute yule mtu wa Banalia kwanza.

Alitafuta kwenye simu yake, akaniambia kwamba mchezo ule ulitoka zamani, wakati mimi nikiwa bado mwanafunzi, na kwamba duniani kote watu waliusifu sana, wengine wakasema ni mmoja wa michezo bora kuliko yote. Mimi ndiyo kwanza nauona. Sikuona aibu. Niliona kama mtu aliyekuta chakula kizuri kimefunikwa, na wenzake wameshakula wakaondoka.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililoniudhi tangu mwanzo. Mchezo ule hauchezwi kwa vitufe peke yake. Unashika kifimbo cheupe, wenyewe wanakiita manette, na ukitaka kibwana kizunguke na kumpiga adui, lazima ukitikise kifimbo. Kuna hatua moja ambapo kibwana kinapanda juu ya mpira mkubwa, na mpira unabiringika juu ya njia nyembamba isiyo na ukuta. Hapo unasimamisha kifimbo wima kama mshumaa. Ukikilaza mbele mpira unakwenda mbele, ukikilaza kushoto unakwenda kushoto. Ukizidisha kidogo tu, umeanguka.

Nilianguka majuma mawili.

"Huku si kucheza," nilimwambia yaya. "Kitufe nikikibonyeza, nimekibonyeza. Mkono nikiutikisa, nani anajua mashine imeelewa nini?"

Yaya, ambaye hakuwahi kucheza hata dakika moja, alisimama upande wa pili kama hakimu. Alisema amesoma mabishano hayo kwenye simu, watu wameyabishania miaka, na yeye anaona kwamba kutikisa ndiyo roho yenyewe ya mchezo.

"Jaribu basi," nilisema.

"Mimi niko mufanyabiashara," akajibu.

Aliyekuwa akitusikiliza wakati wote huo ni papa, baba yetu. Tangu mama afariki, papa anaishi nami hapa mtaani Mangobo. Alitengeneza mota za mitumbwi pale bandarini miaka arobaini, na wenye baleinière, zile boti kubwa za mbao, walikuwa wakija kumtafuta kutoka mbali, hata Barumbu. Miaka miwili kabla ya mambo haya mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka. Daktari alituambia ni ugonjwa wa neva, kwamba dawa zitaupunguza lakini hazitauponya. Papa aliendelea na kazi mpaka siku alipoangusha bougie mpya, plagi ya kuwashia mota, mtoni mbele ya mteja. Alirudi nyumbani, akaweka sanduku la funguo zake za ufundi chini ya kitanda, na tangu hapo akawa anakaa kitini karibu na dirisha, redio kwenye sikio.

Siku hiyo aliizima redio.

"Mama, lete hiyo kitu," alisema. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilimtazama yaya. Yaya akatazama sakafu. Nikampa papa kifimbo.

Hakuweza hata kuanza. Mkono wake ulipopumzika juu ya paja, ulitetemeka, na mashine ikadhani anatikisa kwa makusudi. Kibwana kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka, mpaka kikatumbukia gizani chenyewe. Papa akaanza tena. Ikawa vilevile. Nilikwenda jikoni nikajifanya nashughulika na samaki, na kila mara nikasikia ule mlio wa kuanguka.

Kesho yake alijaribu tena, na kesho kutwa pia. Kila siku umeme ulipokuwepo nilirudi kutoka ofisini nikamkuta amekaa wima mbele ya televisheni. Alijifunza kufunga kitambaa kwenye mkono ili upate uzito. Alijifunza kwamba mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, lakini ukiwa na kazi ya kufanya unatulia kidogo. Kwa hiyo hakuupumzisha. Alipita hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Akafika kwenye mpira, na hapo akakwama kama nilivyokwama mimi.

Tulikuwa sasa watu wawili tunaoanguka mahali pamoja, mimi jioni na yeye mchana.

Ndipo yaya alipokuja na habari njema. Amepata mashine mpya zaidi, ya kushika mkononi, ya mteja anayengoja, na ndani yake kuna mchezo uleule uliotengenezwa upya. Hapo si lazima kutikisa. Kuna kitufe cha kuzungusha kibwana, na mpira unaendeshwa kwa kijiti kidogo cha kidole gumba. Angeweza kutuachia juma moja.

Nilicheza kwanza. Mara ya pili tu nilivuka njia yote ya mpira, nikafika mwisho. Nilipiga kelele. Nilijiona nimeshinda mabishano yote: shida haikuwa mimi, shida ilikuwa kile kifimbo.

"Papa, sasa wewe," nilisema.

Aliishika mashine mpya kwa mikono miwili. Vitufe vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Kidole gumba chake, kinene, chenye kovu la mnyororo, kilitetemeka juu ya kitufe na kukibonyeza mara tatu alipotaka mara moja. Kijiti kilimkimbia. Alijaribu muda wa kutosha ili nisiseme hakujaribu, kisha akanirudishia.

"Iko nzuri," alisema. "Kwako. Nipe ile ya kwangu."

"Lakini papa, ile ya kwako inakuangusha kila siku."

"Wewe umepita. Mimi bado."

Sikulala vizuri juma lile. Nilikuwa nikimwona akianguka, akianguka, jasho linamtoka, na moyo wangu ukaniuma kwa namna ambayo sikuweza kuivumilia. Basi nikafanya jambo ambalo bado nalionea haya. Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini niliuchomoa waya mmoja nyuma ya mashine ya zamani, nikauweka kwenye mkoba wangu. Nilimwambia papa kwamba mashine imekufa, yaya atakuja kuitazama.

Niliporudi nilimkuta amelifungua sanduku lake la funguo. Mashine ilikuwa juu ya meza, imegeuzwa, na skrubu zote zimepangwa kwenye sahani kwa mstari. Hakuwa amevunja kitu. Aliinua macho akaniangalia.

"Waya uko wapi?"

Sikuweza kusema uongo wa pili. Niliutoa mkobani nikauweka mezani.

"Miaka makumi ine nilitengeneza moteur," alisema polepole. "Unafikiri siwezi kuona mahali waya haiko?"

"Papa, nilikuwa nakuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana nakasirika."

Alirudisha skrubu, moja baada ya nyingine. Ilimchukua muda mrefu. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Alipomaliza ndipo alipozungumza juu ya yale mabishano yetu, kwa mara ya kwanza.

"Wewe na kaka yako munabishana kama kutikisa iko muzuri ao iko mubaya. Bon. Mimi nitakwambia. Kama siku ya kwanza kungekuwa na bouton za kubonyeza, mungenipa bouton. Mungesema, papa ni mugonjwa, papa achukue ya rahisi. Hakuna mutu angeniuliza. Hii kifimbo haijui kama niko mugonjwa. Inaniangusha sawasawa na wewe."

"Lakini inakuangusha zaidi," nilisema.

"Inaniangusha zaidi. Na mimi nasimama zaidi. Rudisha waya yangu."

Niliurudisha. Sikukubaliana naye, na hata sasa sikubaliani naye kabisa. Naona waliotengeneza mchezo wangepaswa kuweka njia zote mbili tangu mwanzo, kila mtu achague mwenyewe. Lakini nilielewa kwamba kuna kuchagua na kuna kuchaguliwa, na kwamba mimi, kwa mapenzi yangu yote, nilikuwa karibu kumchagulia papa kiti cha dirishani mpaka mwisho wa siku zake.

Tangu siku hiyo sikumhurumia tena mbele yake. Nilikaa karibu, nikamenya ndizi zangu, na alipoanguka nilimwambia alipokosea, kama ambavyo angeniambia mimi.

"Ulikata kona mapema."

"Niliona," alijibu bila kugeuka.

Jumamosi moja baada ya mvua, umeme ukiwa umekuja mapema, alianguka mara nyingi kuliko kawaida. Akaweka kifimbo chini, akaegemea nyuma, akaangalia viganja vyake kwa muda. Halafu akauliza, kana kwamba ni mimi ninayejua: "Moteur inashikwa na nini?"

"Na mkono, papa."

"Hapana. Ukishika moteur na mukono, kwenye maji makali inakutupa. Inashikwa na mwili."

Akakichukua kifimbo. Hakukiinua hewani kama nilivyofanya mimi, kama picha ya mchezo inavyoonyesha. Alikisimamisha wima, akakibana kati ya magoti mawili, kisha akakishika kwa mikono miwili, viwiko vimekaza kwenye mbavu. Hakukilaza kwa kifundo cha mkono. Alijilaza yeye mwenyewe, kifua na mabega, kushoto, kulia, mbele kidogo, kama mtu aliyekaa nyuma ya mtumbwi na usukani wa mota kwapani. Mkono uliendelea kutetemeka, lakini kutetemeka kwake kulizamia magotini, hakukufika kwenye mpira.

Mpira ukapita kona ya kwanza.

Niliacha kisu. Ukapita daraja lile jembamba ambalo liliniangusha mimi majuma mawili. Ukapanda mwinuko, ukasimama karibu na ukingo, ukayumba, na papa akajilaza nyuma taratibu, mdomo wazi kidogo, mpaka ukatulia. Sikuthubutu kupumua. Aliusukuma tena, akauteremsha, akauingiza kwenye shimo la mwisho. Muziki ukalia. Kibwana kikaruka juu kikirusha mikono.

Papa hakuruka. Alivuta pumzi ndefu, akafuta jasho kwa kile kitambaa alichofunga mkononi.

"Alors," alisema. "Kuna nini mbele?"

Nilimpigia yaya simu saa ileile, akaja na toleka, baiskeli ya kukodi, mwenyewe akingoja nje kwa kuwa yaya alisema hatakaa. Alikaa mpaka jioni. Papa alimwonyesha mara mbili. Kisha akampa yaya kifimbo, na hakimu wetu, aliyetetea kutikisa kwa maneno mengi hivyo, akaanguka kabla ya kufika kona ya kwanza. Akasema kifimbo kina kasoro.

"Fungua magoti, yaya," nilisema.

"Funga magoti," papa alisahihisha. "Usimudanganye."

Mashine ya vitufe ilirudi kwa mwenyewe. Ya zamani ilibaki kwetu, na yaya hakumtaja tena yule mtu wa Banalia. Mimi nilianza mchezo upya kwa kifimbo, kwa njia ya papa, na ninasonga polepole kuliko nilivyosonga kwa kijiti. Bado nalalamika. Papa bado ananiambia nilalamike nikiwa nacheza.

Mkono wake haujapona. Kuandika jina lake kwenye karatasi sasa kunamshinda, na asubuhi mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya shati. Lakini jirani zetu waliozoea kumwona dirishani wameanza kuniuliza kama mzee amesafiri. Jana aliniomba nimsogezee kiti karibu na televisheni, kwa sababu macho nayo yanachoka, tukajaribu pamoja hatua moja yenye sakafu ya vigae vinavyotoweka chini ya miguu, yeye akicheza na mimi nikimhesabia vigae vilivyobaki, mpaka umeme ukakatika.