Vyungu vya Kahonzi Kwenye Mikoko

Kazi ya Kahonzi haikuwa na jina moja, na hilo liliwasumbua watu wa Ngomeni kuliko lilivyomsumbua yeye. Alichora, alifinyanga, alipima kina cha tope, na maswali yake hayakwisha. Mbona kaa wachimba hapa na si pale? Mbona mikoko ya upande huu yafa? Akina mama wa kikundi cha kupanda mikoko walimcheka, lakini walimpenda, maana hakuona kinyaa kuzama matopeni hadi magotini.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Maji yakitoka, waliingia kutafuna miche. Kahonzi hakutaka ua wa waya. Alitaka kitu kizuri chenye sauti. Basi akafinyanga vyungu vidogo, akavitia mchanga visije vikapigizwa na upepo, akavifunga vitambaa vyekundu na makombe ya baharini, akavitundika kwenye vigingi kila upande. Upepo ulipovuma makombe yaligongana, mbuzi wakatimua mbio. Akarudi kwao Junju kupumzika, roho kwatu.

Aliporejea, bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, lilikuwa limeing'oa miche mingi. Isiposimamishwa kabla ya bamvua jingine, kazi ya mwaka mzima ingekwenda na maji. Akawaita akina mama. Walikuja, wakasimama ukingoni, hakuna aliyetia mguu.

"Mama Pola, kuna nini?" akamuuliza mwenyekiti wao.

"Watuuliza sisi, mwanangu? Chungu, kitambaa chekundu, juu ya mti. Hilo si fingo?"

Uso ulimwaka Kahonzi. Fingo! Dawa ya kulinda shamba. Anayeingia bila ruhusa huvimba tumbo. Mgiriama mzima, ameshinda na udongo ule siku zote hizo, asilione! Aliona haya kweli. Lakini udadisi nao haukumwacha: kumbe ndiyo sababu hata wakata boriti, wale wanaoiba mikoko, hawakukanyaga hapo. Alitamani kidogo aviache vyungu vifanye kazi. Kisha akawatazama wanawake waliopanda ile miche kwa mikono yao, wamesimama kando kama wageni, ikamuuma.

"Ni mchanga tu, mama."

"Fingo hutolewa na aliyeliweka. Toa wewe, tukiona."

Akaingia peke yake. Alishusha kimoja kimoja, akimwaga mchanga mbele ya macho yao. Hakuwahi kuipenda kazi yake yoyote kama vyungu vile, na machozi yalimlengalenga. Cha mwisho kilipomwagwa, akina mama wakajifunga leso viunoni, wakaingia. Maji yalipoanza kujaa, miche ilikuwa imesimama, na zamu za kufukuza mbuzi zimegawanywa.

Wakati wa kuondoka, Mama Pola aliokota chungu kimoja, akakipangusa tope.

"Hiki nipe nikatundike kwenye mahindi yangu. Wezi wamenizidi."

"Lakini si umeona mwenyewe kuwa ni mchanga?"

"Nimeona mimi," akasema Mama Pola, akikiweka sawa kile kitambaa chekundu. "Mwizi hakuwako."