Kisiki cha Mdiria

Mpiga picha za ndege alizoea kufumba jicho la kushoto hata akiwa anakula. Mwaka wa hamsini na tatu mimi ndiye niliyembebea kamera ya sinema, na lenzi yake ndefu kama mchi, mpaka kwenye lambo nje ya Shinyanga. Hakumfukuzia mdiria, yule ndege mvua samaki. Alivuta kamba kutoka kwenye kamera hadi kwenye kisiki ambacho ndege yule alipenda kutua juu yake, akapima umbali kwa mafundo, kisha akazungusha lenzi taratibu, amebana pumzi, mpaka nyufa za kisiki zikaonekana moja moja. Halafu tukangoja.

Siku ya tisa, ukungu ukiinuka majini, mdiria alitua na samaki mdomoni. Papo hapo Mama Serafina, jirani yetu, akapita na mtungi, akapiga goti. “Mwangaluka.” Kwetu salamu haikatwi. Bwana yule akaondoa jicho kwenye kamera, akaitikia yote: ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua. Ndege akaruka. Mimi nilitaka kulia.

“Nimemfukuza?” mama akauliza.

“Hapana, mama. Alikuwa anaondoka.”

Mama alipokwisha kupita, bwana yule akarudisha jicho, vidole havijaiachia lenzi, akapiga picha ya kisiki kitupu, chenye tone la maji ya yule samaki, mpaka tone likakauka.