Pilau la Neema na Kadi Zangu Mbili

Jamani, hii niliapa sitamsimulia mtu, lakini kwa kuwa wanawake wa Kilburn, hapa London, wameshaisambaza yote (na chumvi wameongeza), bora mnisikie mimi mwenyewe. Mimi Mama Irene, mfanyakazi wa wodini mwenye akili zangu timamu, ndiye niliyefanya pilau la wageni sitini likae ndani ya gari huko Stratford, mchana kweupe.

Yalianza na kadi za mkopo. Benki ilinipa nichague: ya kijani, unanunua leo unalipa kidogo kidogo zaidi ya mwaka bila riba, au nyekundu, riba yake kali ukichelewa ila kila ukinunua unapata pointi, na pointi zikijaa unapewa tiketi ya ndege. Mume wangu akasema kijani, kitanda chetu kimevunjika. Rafiki yangu wa kazini akasema nyekundu, yeye pointi zilimfikisha Nairobi. Nikasoma vile vikaratasi mpaka macho yakauma, sikuelewa kitu, nikachukua zote mbili. Kitanda nikaweka kwenye kijani, na nyekundu nikaitumia kwa kila kitu, mpaka maziwa, deni lake likakaribia kikomo.

Ikaja kitchen party ya Neema, ile sherehe ya kumfunda bibi harusi, na mimi ndiye mweka hazina, michango yote iliingia kwangu. Mtu mwenye akili angemlipa mpishi moja kwa moja. Mimi nikapiga hesabu zangu: michango naitumbukiza kwenye nyekundu, inapata nafasi, pilau nalilipa kwa hiyohiyo, kamati haipotezi kitu na mimi napata pointi za kwenda Dodoma kumwona mama, ambaye sijamwona miaka minne. Sikumwambia mtu (na hapo ndipo nilipokosea kuliko kwingine kote).

Siku yenyewe Bwana Jayesh, mpishi wetu, Mhindi wa Mwanza anayetuzidi Kiswahili, akasimama mlangoni mwa ukumbi na kimashine chake cha kadi. Kwake masufuria hayashuki kwenye gari kabla ya malipo. Nikachomeka nyekundu.

"Mama Irene, imekataa," akasema, na ile sauti yake haijui kunong'ona. Nikarudia. "Imekataa tena, mama. Hela ipo kweli?"

MC naye, badala ya kuweka muziki, akashika kipaza sauti: "Wageni wetu, tuwe na subira, mweka hazina bado anahangaika na mashine."

Vitenge vya sare vikageuka vyote. Mama yake Neema, aliyefanya shifti za ziada ili achangie, alinitazama, na nikajua anawaza nimekula michango. Nilitamani kulia.

Mwenyekiti wetu, Mama Kevin, akanivuta pembeni. "Shoga, niambie ukweli. Michango iko wapi?"

"Nimeiweka kwenye kadi."

"Kadi ya nani?"

"Yangu. Ya pointi."

"Pointi za nini tena?"

Akachukua simu yangu, akatazama akaunti zangu weee. "Mbona nyekundu imejaa deni? Hela umeilipa kwenye hii ya kijani."

Nikaangalia mwenyewe, kweli. Nilikuwa nimelipia kitanda chetu kwa michango ya Neema, tena deni lisilo na riba, ambalo halikuwa na haraka na mtu.

"Basi si ina nafasi? Toa hiyo ya kijani ulipe."

"Hiyo si ya chakula," nikasema, "hiyo ni ya kitanda." (Naapa nilisema hivyo, na mama yake Neema alikuwa amesimama nyuma yangu.)

Kijani ikakubali mara moja. Masufuria yakashuka, watu wakala, na mimi pointi za pilau hilo sikupata hata moja.

Kwenye kikao cha kamati nilileta karatasi za benki, nikaeleza kila kitu mpaka habari ya kitanda, wakacheka, wakasema yameisha. Nyekundu nimeirudisha, na hela ya watu sitaigusisha tena na kadi yangu maisha. Ila sherehe iliyofuata Mama Kevin alipogawa kazi, hazina ilikwenda kwa mwingine, mimi nikapewa vijiko. Nilivihesabu mara tatu wakati wa kuvitoa na mara tatu wakati wa kuvirudisha. Vilirudi vyote sitini, na nilimpigia simu mama yake Neema kumwambia.